Kijana wa Kojani, Mkataba wa Dar na Muhogo Mchungu wa Kwanza

Kojani hakuna siri. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, mtu akikohoa huku jirani anampa pole kule. Kwa hiyo ule mkataba ulipoingia kwenye simu ya kijana mmoja saa nne za usiku, kufika alfajiri wanaume wanatoka msikitini walishajua kwamba umetoka Dar es Salaam, ni wa miaka mitano, na ndani yake mna habari za sinema. Kilichokuwa hakijajulikana ni kimoja tu: atatia saini au hatii?

Kwa wasiopajua, Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki ya Pemba, wilaya ya Wete. Kwenda huko lazima uvuke maji. Watu ni wengi, nafasi ni ndogo, na kazi kubwa ni bahari. Nenda Tanga, nenda Mafia, nenda Mombasa, ukiuliza pwani utaambiwa Wakojani wapo au wameondoka juzi. Wanakwenda dago: wanafunga safari na nyavu zao, wanapiga kambi kwenye ufuo wa watu, wanavua kwa msimu, halafu upepo ukigeuka wanarudi kwao. Mtoto wa Kojani anajua neno dago kabla hajajua kuhesabu mpaka mia.

Kijana huyu ana miaka 21 na dago ameshakwenda mara tatu. Lakini umaarufu wake haukutoka kwenye samaki. Umetoka kwenye simu. Anavaa kanzu ya zamani ya babu yake, kofia imekaa upande, bakora mkononi, anajifanya mzee mgomvi ambaye kila siku analalamika kwamba fungu lake la samaki limepunjwa. Klipu haizidi dakika mbili. Anagomba na wachuuzi, anagomba na nahodha, anagomba na paka. Na nyuma ya mlango, haonekani, kuna sauti ya mkewe inayomjibu. Hapo ndipo watu wanapovunjika mbavu. Mzee anasema moja, sauti inamrudishia tatu, tena kwa Kipemba cha ndani kabisa ambacho ukitoka Bara itabidi uulize maana. Klipu zimefika Unguja, zimefika Mombasa, zimefika mpaka Maskati, ambako Wapemba wa huko wanaandika kwamba wamelia kwa kicheko na kwa hamu ya kwao.

Sauti ile ni ya binamu yake, binti wa miaka 19. Na kwa taarifa tu, maneno yote ni yake pia. Anayaandika kwenye daftari la shule, wakati mwingine akiwa anasubiri maji yatoke akaangalie mwani. Uso wake haujaonekana hata mara moja. Hilo ndilo sharti la nyumbani. Mama yake alisema sauti haina neno, uso hapana. Binti akakubali bila ugomvi, na kazi ikaendelea.

Sasa njoo kwenye mkataba wenyewe. Bosi mmoja wa Dar anayetengeneza filamu aliziona klipu akazipenda. Akampigia kijana, wakazungumza vizuri, akamwita "mdogo wangu", akamwahidi filamu ya kwanza ndani ya miezi michache. Malipo yatakuwa kwa kila filamu. Nauli na mahali pa kulala juu yake. Kwa kijana ambaye hulala na wenzake kumi kwenye hema la maturubai wakiwa dago, hayo si maneno madogo.

Tatizo lilikuwa kurasa za nyuma. Akaunti yote, pamoja na wafuasi wake, inahamia kwenye kampuni. Klipu zote za zamani zinakuwa mali ya kampuni. Jina la yule mzee wa kuchekesha linakuwa la kampuni, kwa hiyo kijana akiondoka hawezi kuondoka nalo. Na binti? Hakutajwa popote, hata kwa jina la kubandika. Bosi alipoulizwa kwa simu alijibu kwa upole tu kwamba sauti za kike Dar zipo nyingi, watatafuta nyingine.

Nyumbani kukagawanyika. Mama alikuwa upande wa Dar, maana mwanawe hajui kuogelea vizuri kama kaka zake na kila kaskazi ikija roho yake huwa juu. Baba alikuwa upande wa mashua. Mashua ilikuwa imepandishwa pwani inakalafatiwa na kupakwa sifa, safari ya Tanga imeshapangwa, na mtu mmoja akitoka katikati ya maandalizi ni pengo. Bibi akasema mume wake, yaani huyo mjukuu, aachwe aende akatafute, lakini mke mwenza asidhulumiwe. Akimaanisha binti. Ndipo ikaamuliwa waende kwa babu.

Babu ameshapita miaka 80. Macho yamefifia, kumbukumbu haijafifia. Akasomewa mkataba wote, kurasa sita, na binti ndiye aliyesoma kwa sababu kijana alikuwa anaruka mistari. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Muhogo Mchungu mnamjua?"

Kijana akacheka. "Tunamjua babu, yule mchekeshaji wa kwenye runinga."

"Si huyo. Huyo jina kalikuta. Nauliza Muhogo Mchungu wa mwanzo."

Hapo wajukuu wakanyamaza, na pengine wasomaji wengi nao wangenyamaza. Basi iko hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza sinema za Kiswahili zitakazochezwa na Waafrika wenyewe. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Ilikuwa habari ya mtu wa shamba anayeingia mjini Dar es Salaam na kukutana na mambo ya mji. Nyingine iliitwa Chalo Amerudi. Nyota wake alikuwa kijana mmoja mfanyakazi wa serikali, wa idara ya ustawi wa jamii, aliyesoma Tabora. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, Kawawa huyo huyo. Simba wa Vita. Kabla ya siasa, kabla ya chama, watu walimjua kwa sura kupitia kitambaa cheupe kilichotundikwa kiwanjani.

Babu aliiona sinema hiyo akiwa kijana mdogo aliyechukuliwa dago kwa mara ya kwanza. Kazi yake chomboni ilikuwa kufua maji na kupika. Walikuwa wamepiga kambi pwani ya Dar, jioni moja wakasikia gari la sinema limekuja, wakaenda na kukaa chini mchangani na wenyeji. Anachokumbuka si hadithi nzima. Anakumbuka kwamba yule mtu kwenye kitambaa alikuwa anasema Kiswahili. Sinema nyingine alizokuwa amezisikia zilikuwa za Kihindi na za Kizungu, unaangalia mikono na macho, maana unajitungia mwenyewe. Hii ilikuwa inasema naye. Mabaharia waliirudia kambini wiki nzima, kila mtu anamwigiza Muhogo Mchungu wake.

Miaka ikapita. Mwaka 1962 babu yuko kwao, redio inasema Mwalimu Nyerere ameacha uwaziri mkuu wa Tanganyika na nafasi yake amepewa Rashidi Kawawa. Mzee mmoja aliyekuwa naye dago akapiga kelele pale barazani: "Si yule bwana wa Muhogo Mchungu!" Watu wakadhani amechanganyikiwa. Miaka miwili baadaye, baada ya Muungano wa 1964, bwana huyo akawa Makamu wa Pili wa Rais, na sasa Kojani nayo ikawa chini ya serikali yake.

Ukiitazama kazi ya Kawawa kwenye sinema, ilikuwa fupi sana. Mwaka 1953 serikali ilimhamishia kwingine, akafanye kazi na Wakikuyu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika na yeye ndiye katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaachana na kazi ya serikali. Kuanzia hapo ni siasa mpaka mwisho: waziri, waziri mkuu, makamu wa rais, waziri mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na miaka 83. Siku hizo redio na magazeti yalijaa habari za mwanasiasa. Muhogo Mchungu alipata mstari mmoja, miwili.

"Sinema ilikuwa dago lake," babu akawaambia wajukuu. "Kenda, kavua, upepo ukageuka karudi. Lakini mnaona, nyavu zile hazikuwa zake. Zilikuwa za serikali."

Hapa ndipo maneno ya mzee yanapogusa mtu yeyote mwenye ndoto ya ustaa, awe Kojani au Kinondoni. Kwenye uvuvi wa Kojani, samaki wakishauzwa hutolewa matumizi kwanza, mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki kinagawiwa mafungu. Chombo kina fungu, nyavu zina fungu, nahodha ana lake, mabaharia wana yao. Hata anayefua maji ana chake. Kwa hiyo Mkojani akikuona unakwenda kuvua, swali lake la kwanza haliwi utapata samaki wangapi. Anakuuliza chombo cha nani na nyavu za nani. Akishajua hayo, hesabu nyingine anaimaliza mwenyewe.

Kawawa alivua kwenye nyavu za watu. Sinema zile hazikuwa zake, wala mapato yake hayakuwa yake. Yeye alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Lakini kuna kitu alitoka nacho ambacho hakikuweza kuandikwa kwenye mkataba wa mtu. Alishajulikana sura. Alishazoea kusimama mbele ya macho ya watu na kusema Kiswahili kinachoeleweka na mkulima na karani. Mtu anayekwenda kuwaongoza wafanyakazi wa nchi nzima, hilo si jambo dogo.

Wengine hawakutoka na kitu. Kabla ya Kawawa, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi mwingine wa sinema huko Vugiri, milimani karibu na Korogwe, Tanga. Ulifadhiliwa na fedha za Carnegie Corporation kutoka Marekani na ukaongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Zilitengenezwa sinema 35, nyingi fupi, za kilimo, afya, kuweka akiba na mambo kama hayo. Waliocheza ni watu wa hapa hapa. Sauti hazikuwa ndani ya filamu yenyewe, zilirekodiwa kwenye sahani za santuri na kuchezwa pamoja na picha. Gari lilizungushwa mpaka Kenya na Uganda, watu wakaona, wakacheka, wakajifunza. Leo ukifungua habari za mradi ule unakutana na Notcutt na Latham. Wale waliolima mbele ya kamera, waliougua mbele ya kamera, waliosema maneno kwenye sahani, ni nadra kuwasikia wakitajwa kwa majina.

Binti aliposimuliwa habari ya sahani za santuri na kijana mmoja wa kisiwani anayesoma chuo Unguja, alisema jambo moja tu: "Kwa hiyo sauti mbali, picha mbali, toka enzi hizo."

Na kwa wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wanyonge wa Afrika peke yao, kuna kisa cha Wamarekani waliokuja kupiga picha kwenye mwambao huu huu. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilileta msafara mkubwa wa sinema Afrika Mashariki kutengeneza Trader Horn, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke. Walizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Filamu ilitoka mwaka 1931 na ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu bora. Humo ndani walikuwamo watu wanne ambao kila mmoja alivuna tofauti.

Wa kwanza ni Mutia Omoolu, mtu wa Kenya. Alicheza Rencharo, mbeba bunduki wa Trader Horn, na anaonekana karibu filamu nzima. Walimpenda mpaka wakampeleka California kumalizia vipande vilivyobaki. Hebu fikiria, mtu ametoka Kenya ya mwaka 1929 anafika Hollywood! Lakini filamu ilipokwisha, na safari yake ikawa imekwisha. Hollywood haikumpa nafasi nyingine ya kuwa nyota.

Wa pili ni Edwina Booth, binti wa Kimarekani aliyekuwa mrembo wa filamu hiyo. Aliugua kwenye safari, afya ikamwangusha, akaishtaki kampuni na kesi ikamalizwa nje ya mahakama. Miaka michache baada ya hapo kazi yake ya sinema ikafika mwisho. Aliishi kimya mpaka 1991, na katikati ya hapo watu walishavumisha mara nyingi kwamba amekufa.

Wa tatu ni Harry Carey, huyo aliyekuwa Trader Horn mwenyewe. Huyu alizaliwa New York mwaka 1878 na alikuwemo kwenye sinema tangu zikiwa hazina sauti, akifanya kazi na D. W. Griffith. Baadaye akawa nyota wa filamu za wachunga ng'ombe na farasi, nyingi akiongozwa na John Ford ambaye wakati huo alikuwa kijana anayeanza. Halafu upepo ukageuka. Umri ukaenda, sinema zikaanza kusema, nyota wapya wakaingia. Kama hiyo haitoshi, Machi 1928 bwawa la St. Francis huko California lilipasuka na mafuriko yakafagia mali yake. Mtu wa miaka 50, bila mali, kazi inayumba. Mwaka uliofuata yuko njiani kuja Afrika kucheza Trader Horn.

Alichofanya Carey baada ya hapo ndicho kinachofaa kusomwa na mastaa. Hakung'ang'ania kuwa kijana. Alikubali nafasi za wazee, nafasi ndogo zenye uzito, na mwaka 1939 alicheza kwenye Mr. Smith Goes to Washington kama mkuu wa baraza la seneti, akakaa kwenye kiti zaidi anatazama na kutabasamu. Nafasi hiyo ndogo ilimfikisha kwenye kuwania Oscar. Alifanya kazi karibu mpaka alipofariki mwaka 1947.

Na wa nne ni mkewe, Olive Carey, ambaye mara nyingi husahaulika. Alikuwa mwigizaji tangu enzi za sinema kimya, akaacha akalea. Kwenye Trader Horn alicheza kama mmisionari. Baada ya mumewe kufariki alirudi kwenye kazi kwa nguvu, na mwaka 1956 anaonekana kwenye The Searchers ya John Ford, pamoja na mwanawe. Yaani fungu la mama lilikuwepo siku zote. Ilibidi tu mtu alihesabu.

Turudi Kojani, maana kijana alikuwa amepewa siku saba na siku tano zilishakwisha.

Babu hakumwambia aende wala asiende. Alimwuliza maswali matatu. La kwanza, klipu zile zilitengenezwa kwa simu ya nani na maneno ya nani? Kijana akajibu simu yake, maneno ya binamu. La pili, hayo mapesa ya YouTube yako wapi? Binti ndiye aliyejibu. Ili kuanza kupata mgao wa matangazo kwa video za kawaida, akaunti inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuasi walishavuka kitambo. Saa bado, kwa kuwa klipu zao ni fupi na nyingi ziko TikTok. Mzee akatikisa kichwa. "Kwa hiyo juya limejaa, bado kuvutwa pwani. Na huyo bwana kaja kulinunua likiwa majini."

La tatu lilikuwa zito. "Mke wangu hapa kaandikwa wapi?"

Kijana akainama. Alisema, kwa kujitetea, kwamba alikuwa na nia ya kumtumia binamu yake kitu kila akilipwa. Babu akamwambia nia njema Mungu anaiona, lakini mafungu hugawiwa pwani, mbele ya watu, chombo kikiwa bado kina maji. Ukishafika nyumbani na pesa mfukoni, kila mtu ana shida zake.

Binti hakulia wala hakugomba. Alichomwambia binamu yake, kwa mujibu wa waliokuwepo, ni hiki: "Mie sitaki kwenda Dar. Mama hataki na mie sijataka bado. Lakini yule mzee ni wangu na wako. Ukimuuza, uza nusu yako."

Maneno hayo yalifanya kazi kuliko kurasa zote sita. Yule kijana wa chuo akawaeleza kwamba Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ina taasisi yake, COSOZA, kama ilivyo COSOTA kwa Bara, na kwamba mtunzi wa maneno ana haki yake hata kama uso wake haukuonekana. Wengi pale barazani walikuwa hawajapata kusikia. Bibi akauliza kama hakimiliki hiyo inafika mpaka kwenye mitindo ya ukili wake, watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la maana.

Siku ya saba kijana aliandika jibu. Binti alimsaidia kulipanga. Hakukataa. Aliomba mambo manne: mkataba uwe wa mwaka mmoja badala ya mitano, akaunti ibaki kwa jina lao, jina la yule mzee lisiuzwe ila likodishwe kwa filamu husika, na mtunzi wa maneno atajwe mwanzoni mwa filamu na alipwe, hata akiwa Kojani anatuma kwa simu. Kuhusu sauti, filamu ikihitaji sauti ya mke, irekodiwe kwake, Pemba.

Bosi alijibu kwa ujumbe wa sauti. Alisema amewaelewa na atafikiria. Akaongeza kwamba mjini mambo hayaendi hivyo na nafasi kama hizi hazisubiri. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye nyavu nyingi.

Wapo Kojani wanaosema kijana ameharibu bahati kwa ajili ya maneno ya wazee. Wanasema wangapi Dar walianza kwa kudhulumiwa kidogo wakaja kuwa watu? Kawawa mwenyewe si alianza kwa kutumikia sinema za wakoloni? Ni hoja, na haifai kupuuzwa. Nafasi ya kwanza ya mtu maskini huwa mara nyingi ni nafasi mbaya, na anayeikataa hana uhakika kama ipo ya pili. Mama yake kijana ni mmoja wa wanaosema hivyo, na usiku mwingine halali. Wapo pia wanaosema afadhali, ametia akili, kwa sababu Mutia alifika mpaka California na haikumsaidia kitu.

Kwa sasa kijana yuko dago Tanga na baba yake. Simu anaifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili asije akaitia maji. Jioni wakishakunja nyavu anarekodi, mabaharia wenzake wakiwa ndio wachuuzi na manahodha wa kugombana nao. Binti anarekodi majibu yake Kojani, chumbani, mlango umefungwa ili kuku wasiingilie, anatuma bando likiwepo. Klipu zimekuwa ndefu kidogo, dakika tano, sita, ili zile saa 4,000 zisogee. Na mwanzoni mwa kila moja sasa kuna maandishi madogo yanayosema maneno yametungwa na nani. Ni jina la kubandika, kama mama alivyotaka, lakini kisiwani kila mtu anajua ni la nani.

Bosi hajapiga tena. Kaskazi bado haijaisha.

Wewe ungekuwa ndiye kijana, au ndiye mama yake, ungetia saini?